Mlinzi wa Kiota cha Musambi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Nizigama wa kijiji cha Kiringye alikuwa na kazi moja: kuonekana. Alizunguka shamba lake la mpunga, akakohoa kwa nguvu, akasalimia kila mtu, hata walio mbali wasiomsikia. Ilikuwa miaka ya vita. Watu wa uwanda wa Ruzizi walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Shamba ambalo mwenyewe haonekani, mwingine hulilima. Kwa hiyo Nizigama alionekana, mvua inyeshe au jua liwake. Nyuma yake alifuata mbwa wake Kaporo, mwenye mbavu nyingi kuliko nyama.

Shamba lilipakana na kinamasi. Humo, misambi wawili, dume na jike, walikuwa wakijenga kiota. Musambi ni ndege mrefu mwenye taji la dhahabu kichwani. Zamani walikuwa wengi uwandani. Sasa wamebaki wachache, na wasipozaa watakwisha kabisa. Lakini kila msimu mayai yao yalipotea.

Shefu wa kijiji alimwita Nizigama mbele ya watu.

"Papa Délice," alisema, maana Nizigama alikuwa na binti mdogo aitwaye Délice, "ile shamba ni minye nilikupatia. Misambi iko mikononi mwako. Mayayi ikipotea tena, shamba nitapatia muntu mwengine."

Jirani yake Gracien alilitamani sana shamba hilo. Kila alipokunywa pombe ya ndizi, alitangaza kwamba Nizigama anayakaanga mayai.

"Minye siko mwizi!" Nizigama alilalamika nyumbani. "Hata yayi ya kuku ninakula siku ya Pasaka tu!"

"Najua," alisema mkewe Dorine. "Na Pasaka ulikula mbili. Ya kwangu pia."

Nizigama akaamua kukilinda kiota kama alivyolinda shamba. Musambi alipotaga, yeye aliingia kwenye matete asubuhi na jioni, akayatazama mayai, akakohoa, akatoka. Alisema mwizi akiona nyayo za mlinzi ataogopa. Na nyayo zilionekana kweli. Njia ilifunguka ndani ya matete, pana na safi, hata baiskeli ingepita.

Siku chache baadaye alifika Honorine, mama wa mtaa wa Kimanga, kule mjini Uvira. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ndege walio hatarini. Alisimika nguzo karibu na kiota, akafunga juu yake kisanduku cha rangi ya majani.

"Iko bombi!" alipiga kelele Gracien, akiwa tayari amefika barabarani.

"Hapana, Papa Gracien, rudi. Iko kamera," Honorine alisema. "Nimeshaionyesha shefu na basoda benye bunduki ba kwenye baryeri ya barabara. Tukikaribia musambi, anaruka, mayayi inabaki na baridi. Lakini hii kamera inakaa peke yake. Kintu ikipita mbele yake, inapiga foto. Sisi tunabaki mbali."

"Na inaona mpaka ndani ya nguo?" aliuliza Gracien.

"Inaona nguo tu, Papa."

Jibu hilo lilileta matatizo mengine. Tangu siku hiyo wanawake wa Kiringye walipita kando ya kinamasi kuchota maji wakiwa wamevaa vitenge vya Noeli. Honorine aliwaomba wote: mtu asikikaribie kiota. Nizigama alitikisa kichwa kukubali, kwa moyo wote. Aliamini maneno hayo yalihusu watu wengine. Kesho yake alikwenda kukagua mayai akiwa amevaa koti lake la arusi.

Haikupita wiki, mayai yakapotea.

Gracien ndiye aliyewakusanya watu. Shefu alikaa kwenye kiti, uso umekunjamana. Dorine alimshika Délice mkono. Wangelima wapi wakinyang'anywa shamba? Honorine akaleta kamera, akafungua kompyuta yake ndogo.

Picha ya kwanza: musambi amelala juu ya mayai. Ya pili: musambi anaruka. Ya tatu: Nizigama na koti la arusi. Ya nne: Nizigama ameinama juu ya kiota, anaichekea kamera. Ya tano: Nizigama tena, sasa na kofia.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Si nilisema!" alipiga kelele Gracien. "Mwizi mwenyewe na koti!"

"Ngoja, Papa," alisema Honorine.

Picha iliyofuata ilimwonyesha Kaporo, pua chini, akija kwa njia ile ile ya bwana wake. Na nyingine: Kaporo na yai mdomoni. Kila mtu alimgeukia mbwa. Kaporo, aliyelala miguuni pa Nizigama, akapiga mwayo.

"Papa Délice, weye hukuiba," alisema Honorine. "Lakini njia iko ya kwako. Ukiingia, musambi anakimbia, mayayi inabaki wazi. Mbwa anafuata harufu yako. Asipokuja mbwa, kunguru anakuja. Kulinda kiota ni kukaa mbali."

Nizigama aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Basi ni minye nilimaliza batoto ba musambi," alisema polepole. "Minye mulinzi."

Shefu alijitahidi kuzuia kicheko, akashindwa. Akampa msimu mmoja zaidi.

"Safari hii," alisema, "usionekane."

Nizigama aliiacha njia ya matete ijifunge. Alipita upande wa pili wa shamba, bila kukohoa. Alimfunga Kaporo kamba. Aliwaomba majirani wasikate matete wala kulisha mbuzi pale, na Gracien naye akakubali. Misambi wakarudi, wakataga.

Ndipo risasi zikalia upande wa Kamanyola. Kiringye yote ilikimbia, na Kaporo pia. Familia ya Nizigama ilifikia Kimanga, kwa Nicole, dada ya Dorine. Huko Nizigama hakutulia. Kila siku alitaka kurudi kutazama kiota.

"Utaenda kufanya nini?" Dorine alimuuliza. "Kukohoa?"

Akabaki.

Walipoweza kurudi, mabati ya nyumba yalikuwa yamechukuliwa, na mlango pia. Mpunga ulikuwa umekanyagwa. Honorine alikuja na kamera, akawaonyesha picha za majuma yote waliyokuwa mbali. Musambi amelala kwenye mvua. Musambi amelala kwenye jua. Mwenzake anampokea zamu. Hakuna mtu, hakuna mbwa. Mwishoni, vifaranga wawili wa manjano, miguu haijapata nguvu bado, na mama yao amesimama juu yao.

Shefu alimpa Nizigama mkono. "Shamba ni yako, Papa Délice."

Nizigama hakusikia. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyaficha.

"Siku tulikuwa tunakimbia na Délice mugongoni," alisema, "yeye alibaki juu ya mayayi yake. Hakukimbia, kwa sababu hakuna muntu alimukimbiza."

Dorine alikaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na mlango, akampakata Délice.

"Mama Honorine," alisema, "onyesha tena ile ya batoto."