Pumzi ya Lachlann

Jua la majira ya baridi kisiwani Uist, kaskazini ya mbali, halina adabu. Saa kumi jioni lilishajiondokea, na jeneza la Lachlann ndiyo kwanza limeshushwa kaburini.

Oighrig alikuja kumpigia zumari ya mfuko, ile ya kujaza mfuko pumzi na kuubana kwapani, kazi iliyomlisha miaka yote kwenye harusi, misiba na mashindano. Huyo Lachlann naye alikuwa mpiga zumari, na kila alipokaa kiti cha mwamuzi alimnyima ushindi. Mwanamke hana pumzi, alisema.

"Umekuja kweli?" alinong'ona Peigi, mjane wa Lachlann. "Aliapa hutampigia."

"Sasa atanizuia na nini, mama? Kifuniko?"

Peigi alibana kicheko. "Haya. Ila ukiondoka, piga mpaka uvuke lango la makaburi. Ukinyamaza njiani, marehemu atajua umemwachia amalizie."

Oighrig akaondoka akipiga wimbo wa maombolezo, bila kutazama nyuma. Katikati ya makaburi midomo ikafa ganzi. Akautoa mdomo kwenye bomba aupanguse, huku mkono ukiminya mfuko ili sauti isikatike. Kila mpigaji hufanya hivyo. Mfuko hunywea kidogo, unapuliza tena.

Haukunywea.

Ulizidi kujaa... ukawa wa moto kwapani, kama tumbo la mtu aliyelala. Kukanuka tumbaku na udongo mbichi. Kisha vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe, vikipiga madoido ambayo Lachlann hakumfundisha mwanamke yeyote.

Akataka kuutupa mfuko. Akakumbuka lango. Akinyamaza hapa, vidole hivi si vyake tena.

"Mzee," alinong'ona, "umekosa pa kwenda?"

Akaling'ata bomba, akapuliza. Pumzi ya ndani ikamrudishia; mdomo ukajaa ladha ya tope. Akapuliza tena, machozi yakimtoka, akavilazimisha vidole kimoja kimoja mpaka maombolezo yakageuka ngoma ya harusi, ile ya walevi, ambayo Lachlann akiisikia alikuwa akitoka ukumbini. Akaipiga huku akikanyaga kwa vishindo. Waombolezaji wakabaki midomo wazi.

Akavuka lango.

Mfuko ukanywea.

Peigi akamfuata akihema. "Umemchezea mume wangu ngoma kaburini?"

"Nimemchezea."

"Afadhali. Miaka arobaini sikucheza." Kisha akashusha sauti. "Ila ulipotoa mdomo nilikuwa nakutazama, mwanangu. Nani alikuwa anapuliza?"

Oighrig akaukumbatia mfuko, akashika njia.

Kazi hakuiacha, aiache kwa ajili ya nani? Mwaka uliofuata akapanda jukwaani kwenye mashindano ya Inverness, mbele ya waamuzi watatu wenye nyuso za siki. Wimbo ulipofika pagumu, akautoa mdomo kwa makusudi, akauinamia mfuko.

"Fanya kazi, mzee."

Mfuko ukajaa, shingo upande.

Kisha ukajaa zaidi, na zaidi, kana kwamba huko chini kuna wafu wengine waliosikia kazi ipo.