Umbo Gizani

Kamera ilikuwa imefunikwa, taa zimezimwa, mapazia meusi yameshushwa. Hata hivyo kompyuta ya Sabiha ilionyesha mwanga.

Ilikuwa saa sita mchana, katika maabara yao mtaani Nkuhungu. Sabiha na mwenzake Thobias walikuwa wakilinganisha kamera tatu zinazopasua mwanga kuwa mamia ya rangi, wajue ipi inafaa kufungwa kwenye ndege ili itambue mizabibu inayougua: ipi inashika ishara safi, ipi inazama kwenye kelele, yaani vidoa vya ovyo visivyo na maana. Ya kwanza ilipasua mwanga kwa mche wa kioo, ya pili kwa sahani yenye mistari myembamba. Gizani zote mbili zilitoa kelele tu, kama ilivyopasa. Ya tatu, iliyounganisha vyote viwili, ilitoa umbo la mtu.

"Kifuniko kinavuja," Thobias akasema. Akakikaza. Umbo likasogea karibu, na chumba kikanuka udi.

"Dada Sabiha, washa taa."

"Nimeshawasha, Thobias."

Sabiha akachomoa nyaya, akamshika mkono mwenzake aliyekuwa akipapasa ukuta huku akilia, lakini pumzi nzito ikaendelea kutoka ndani ya kamera ile isiyo na umeme, ikipanda na kushuka sambamba na kilio chake, mpaka Shehe Abdulswamadu, mjomba wa Sabiha aliyepigiwa simu, alipofika na bodaboda kutoka Majengo.

Shehe alisoma dua hadi kanzu ikalowa jasho. Ndipo sauti ngeni ikatoka kinywani mwa Thobias.

"Mlinitafuta gizani, mmenipata. Siondoki mikono mitupu."

"Unataka nini?" Sabiha akanong'ona.

"Jicho."

"Usimjibu, mwanangu!" Shehe akamkemea.

Lakini Thobias alikuwa na mapacha wa miezi minne, na Sabiha ndiye aliyembembeleza aache kazi yake Mtumba waje wafanye hii. Akafungua kifuniko cha kamera, akainama, akaweka jicho lake la kushoto kwenye lenzi.

Baridi ikampenya hadi kisogoni.

"Naona!" Thobias akapiga yowe. "Dada, naona!"

Jicho la Sabiha lilikufa palepale. Hakujuta.

Wiki iliyofuata daktari wa macho, Evodia, aliliziba jicho zima la Sabiha ili apime lile bovu. Akasogeza kalamu kushoto, kisha kulia; jicho bovu likaifuata. Kalamu ikamponyoka.

"Huoni kitu kabisa?"

"Giza tupu, daktari."

Evodia akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Basi ni nani anayenitazama?"