Zimwi Lenye Zipu Mgongoni

Zimwi liliitwa jina, likaitika. Huo ndio mwanzo wa maneno yote, na mtu wa Kitengela akikupa mwanzo mwingine, jua siku hiyo alikuwa nje akinunua njugu.

Ilikuwa tisini na nane, kiangazi, mchana wa jua kali, ndani ya kibanda cha video cha Ondiek nyuma ya kichinjio. Kibanda kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, kwa hivyo nje mbuzi wakiungua na jua, ndani ni giza totoro. Televisheni ilifungiwa ndani ya kizimba cha vyuma. Kando yake, juu ya kreti ya soda, alikaa Wakhungu na maikrofoni yake, kazi yake kutafsiri filamu. Kutafsiri ni neno la heshima tu. Kizungu cha Wakhungu kiliishia darasa la sita. Palipobaki alijaza kwa mdomo, na mdomo huo, haki ya Mungu, ulikuwa unaweza kuchekesha hata askari wa kanjo, wale wa kufukuza wachuuzi.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya watu wa sayari. Chombo chao cha angani kilikuwa vifuniko viwili vya sufuria vilivyogandishwa pamoja, na uzi uliokining'iniza ulionekana hata na mzee mwenye mtoto wa jicho. Nyota zilikuwa zimechorwa kwenye pazia, mtu akipita nyuma yake zinatikisika. Kapteni alipiga maadui miale ya moto kwa bunduki ambayo kila mwanamke wa Kitengela aliijua: kikaushio cha nywele cha saluni. Na zimwi sasa! Zimwi lilikuwa mtu ndani ya nguo ya mpira wa kijani, jicho moja limelegea hadi shavuni, mgongoni zipu kutoka kisogoni mpaka kiunoni. Likigeuka tu, wachimba mawe, wachunga ng'ombe na akina mama wa soko wote wanapiga kelele pamoja: "Zipu! Zipu!" Walicheka mpaka machozi. Kesho yake walirudi wakacheka palepale.

Lakini utani pia huchacha kama maziwa. Wakhungu akaona zimwi linahitaji jina jipya, akamuuliza Macharia, mwenye buchari aliyekuwa amehamia juzi tu kutoka mbali.

"Macharia, nipe mwanaume mkali wa hii Kitengela. Mkali kabisa."

"Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Koinet," Macharia akasema. "Mrefu kama mlingoti wa stima. Hapa nilikuta hadithi zake tu. Wanasema siku moja alipiga buchari nzima, wenye kula na wenye kuuza. Na hakuwahi kuchekwa, bwana. Nani angethubutu? Alikufa mwaka jana."

"Kama alikufa ni sawa. Hatakuja kunidai."

Wakhungu hakuwa na nia mbaya. Yeye alikuwa Mbukusu, na kwa Wabukusu jina la mfu hupewa mtoto ili lisipotee. Kumtaja marehemu ni kumkaribisha nyumbani. Macharia naye alikuwa mgeni vilevile. Hakuna kati yao aliyejua kwamba kwa Wamaasai waliowazunguka, mtu akifa jina lake halitamkwi tena, na hata kitu kilichofanana na jina hilo hutafutiwa neno lingine.

Basi zimwi lilipotokea kutoka nyuma ya mwamba wa karatasi, Wakhungu akavuta pumzi akaita: "Koinet! Koinet wee! Kuja uone wanaume!"

Zimwi halikunguruma kama siku zote. Lilisimama. Likageuza lile jicho lililolegea kuelekea kwenye mabenchi, likasema, "Oe!" kama mwanaume wa Kimaasai anavyoitika akiitwa jina.

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Elsie, mke wa Wakhungu, alikuwa mlangoni na chupa zake za chai, tumbo lake la mimba ya kwanza likiwa limejaa. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa akimtazama mumewe, na maikrofoni ilikuwa gotini.

"Mzee wangu," akanong'ona, "ni wewe umeitika?"

"Si mimi. Labda kaseti imekwaruzwa."

"Kaseti inaongea Kimaa?"

Vijana wa Kimaasai waliokuwa benchi la nyuma waliinuka, wakajifunga shuka zao, wakatoka.

Toka siku hiyo kibanda kikashika harufu, harufu ya tairi linaloungua pamoja na mafuta ya kondoo. Elsie alimwomba mumewe waache ile filamu. "Niko na mtoto hapa ndani," akasema, mkono juu ya tumbo. "Na kila ukiita hilo jina, anajikunja kama mtu anajificha." Wakhungu akacheka, akamwambia mtoto ameanza kupenda sinema.

Siku ya soko watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Filamu ikaanza, na ilipofika mahali pa zimwi, zimwi halikuwepo. Mwamba wa karatasi ulikuwepo, kapteni alikuwepo, lakini alikuwa akielekeza kikaushio chake kwenye hewa tupu. Msichana wa sayari akapiga mayowe akitazama kona isiyo na kitu. Askari mmoja akajishika shingo, akaanguka, akafa akinyongwa bila mnyongaji. Watu hawakuwa wamewahi kuona kitu cha kuchekesha kama hicho. Walikuwa bado wanapigana mabega kwa kicheko wakati mabati ya nje yalipoanza kukwaruzwa taratibu, na nyayo za mpira zikasikika zikifyonza vumbi: fyoo, fyoo, mpaka mlangoni.

Likaingia likiwa limeinama ili lipite.

"Zipu!" watu wakapiga kelele, wakidhani ni mchezo. Ondiek mwenyewe akapiga makofi. "Omera, ndugu yangu Wakhungu! Hii nguo umetoa wapi?"

Macharia ndiye aliyesimama, akapita nyuma yake akikonyeza watu, akashika ile zipu ili aivute, na zimwi likanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, likamshika kiwiko, likakizungusha kama mtu anavyovunja paja la kuku, na mfupa ukatoka kwenye ngozi ukiwa mweupe, na damu ikawarukia akina mama wa benchi la mbele usoni, nao walikuwa bado wanacheka, kwa sababu kicheko kikikolea hakikatiki mara moja, na kabla hakijakatika zimwi lilikuwa limemwinua Ondiek kwa kifua cha shati na kumpiga kwenye kizimba cha vyuma mara moja, mara nyingine, mpaka vyuma vikapinda na meno yake yakasikika yakianguka juu ya deki ya video, halafu likachukua benchi pamoja na waliokalia na kulitupa ukutani, na kila lilipogeuka watu waliona ile zipu mgongoni, zipu ileile ya kijinga, na mmoja wao, kwa mazoea au kwa wazimu, akasema "zipu" kwa sauti ndogo, likamkanyaga kifua mpaka akanyamaza milele, kisha likarudi mlangoni likaziba njia, na mkononi lilikuwa limemshika Elsie shingo, miguu yake ikining'inia, chai ya moto ikimwagika chini.

Kicheko kikakatika. Zimwi likasema kitu kwa Kimaa, sauti nzito ya mzee aliyekosewa heshima. Hakuna aliyeelewa.

"Anauliza ni nani alimwita."

Nyuma ya zimwi, nje kwenye jua, alisimama mama mmoja mwenye shanga shingoni na Biblia kwapani. Alikuwa Tabitha, mjane wa yule marehemu. Wale vijana wa Kimaasai wa benchi la nyuma walikuwa wamempelekea habari. Macho yake aliyaelekeza chini. Hakuitazama ile nguo.

"Ni mimi, mama," Wakhungu akasema. Sauti yake iliyozoea kujaza kibanda ilitoka kama ya kifaranga.

"Baba, kwetu mtu akilala, jina yake inalala na yeye. Wewe umeiamsha, ukaivalisha mpira, halafu mkacheka. Huyu mzee hakuwahi kuchekwa."

"Mwambie asamehe. Mwambie amwachilie bibi yangu, ako na mtoto tumboni! Anipige mimi!"

Tabitha akasikiliza. Zimwi likanguruma, na vidole vya mpira vikazama zaidi kwenye shingo ya Elsie.

"Hataki kupiga tena. Anataka kutoka kwa hiyo nguo. Lakini haiwezi kukaa bila mtu. Wewe ndio muitaji. Ita jina la mtu. Mwenye ataitika, huyo ataingia."

Hapo ndipo ungeona wanaume wakiziba midomo! Wakhungu akashika maikrofoni. Na tuseme ukweli: hakuanza na jina lake.

"Macharia!" akaita.

Macharia, mkono ukining'inia kwa ngozi, akauma kola ya shati lake, akatikisa kichwa.

"Ondiek! Ondiek, si kibanda ni chako?"

Ondiek akajifunika mdomo usio na meno kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtoka.

Wakhungu akaita kila aliyemjua. Hakuna aliyeitika, hata wa kukohoa. Uso wa Elsie ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Tumbo lake likaruka mara moja chini ya leso, halafu likatulia, na kule kutulia ndiko kulikomvunja Wakhungu.

Akaweka maikrofoni karibu kabisa na mdomo.

"Wakhungu!" akaita.

Akajiitikia mwenyewe:

"Oe!"

Zipu ikafunguka yenyewe, jino kwa jino, mpaka kiunoni. Elsie akaanguka. Kikatoka kivuli kirefu cha mzee mwenye shuka, kikainama chini ya mlango, kikapita kando ya Tabitha naye akageuza uso, kikaenda zake upande wa malisho. Nguo ikabaki imesimama wazi. Ikamvuta Wakhungu kwa miguu, mifupa yake ikialika ikitafuta nafasi, na kabla kichwa hakijaingia alisema, "Elsie, usi—" na zipu ikapanda juu, ikafunga.

Mlangoni hapakubaki kitu; kwenye televisheni iliyopasuka kioo, zimwi likatokea nyuma ya mwamba wa karatasi.

Watu walitaka kaseti ichomwe. Elsie akailalia kwa tumbo lake. "Mtamchoma mume wangu?" Lakini Ondiek, ufizi ulipopona, aliiiba akaipeleka Bissil, ambako hakuna aliyejua habari. Na huko ilipendwa kuliko mwanzo, kwa sababu sasa zimwi lilitoa utani kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Bungoma, likitukana kikaushio cha kapteni, likiulizia chai. Bissil ikacheka ikajigaragaza. Elsie alisafiri kila siku ya soko, akaketi benchi la mbele na tumbo lake. Zimwi likimwona, jicho lililolegea lilitoa maji. Watu walicheka hapo zaidi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Akalia asubuhi, akalia mchana, akakataa ziwa. Namalwa, mama yake Wakhungu, alikuwa amekuja kutoka Bungoma, na yeye alijua dawa.

"Anatafuta jina. Tumtajie waliotutangulia mpaka anyamaze."

Akataja babu, akataja mjomba aliyekufa vitani. Mtoto akazidi.

"Kuna moja hatujataja," Namalwa akasema.

"Mama, hapana. Hapa majina yanaitika. Itakuja na ile nguo."

"Mwanangu ni mume wako pia. Unataka akae kwa mpira milele, achekwe na walevi?"

Elsie alimtazama mtoto aliyekuwa akikauka kwa kilio. Maneno ya Tabitha yalimwambia jina lizikwe. Damu ya mtoto ilimwambia jina lirithiwe. Akainama sikioni mwa mtoto.

"Wakhungu."

Mtoto akanyamaza. Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetolewa kwenye shimo, akashika kidole cha mama yake na hakukiachilia. Namalwa akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Saa hiyohiyo, Bissil, zimwi lilikuwa katikati ya utani. Likakatika. Zipu ikashuka, na nguo ya mpira ikanywea sakafuni mwa chombo, imelala wazi, haina mtu. Filamu haikuendelea. Kapteni na msichana wa sayari walisimama tu, wakitazama mabenchi, wakingoja.

"Ameenda wapi huyu?" mlevi mmoja akauliza.

"Tumtafutie mwingine!" mwingine akajibu, na kibanda kikachangamka. Wakaanza kuitana kwa mzaha, huyu akimtaja jirani, yule akimtaja chifu, wakicheka, wakisukumana. Kisha mmoja akavuta pumzi ili amwite rafiki yake Katoo, aliyekuwa ametoka nje kununua sigara, kijana wa adabu sana, haitwi mara mbili.