CD ya Masika

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Nitajaribu kutenda haki kwa kila mtu, hata kwa mashine.

Mwaka 2013 nilikuwa na kibanda Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nanakili CD kwa kompyuta moja kuukuu. Sehemu yake ya kuwekea CD ilikuwa inakufa. Inazungusha, inaguna, inatema. Ujanja wetu ulikuwa kubandika kikaratasi cha gundi katikati ya CD ili ishikwe. Mara nyingi ilikubali. Lakini wiki hiyo CD ya harusi ya Bugoye ilitoka na duara la mkwaruzo. Nililiona...

Siku ya soko akaja Mama Masika, mchuuzi wa Butembo. Binti yake Masika alikuwa amefariki, akaacha CD moja, anaimba kanisani.

"Mwana yangu, unitolee ingine. Sauti ya mutoto wangu iko humu tu."

Kwa nini sikumwambia apeleke mjini Kasese, kwenye mashine nzima? Tamaa au aibu? Hata leo sijui.

Akatoka kununua chumvi. Nikabandika karatasi, nikafungua kusikiliza. Masika aliimba maneno mawili. Kisha, krrr... Karatasi ilikuwa imebanduka.

Aliporudi nilimwambia, "Mama, ilikuja imeharibika."

Hakunigombeza. "Aksanti kwa kujaribu. Basi ni Mbambu."

Mbambu ni mdogo wake Mama Masika, anakaa Nyakiyumbu, na ndiye aliyemtunzia ile CD. Baadaye alinijia mwenyewe. "Dada, niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka ndani ya Biblia. Kweli ilikuja na mikwaruzo?"

Nikasema ndiyo.

Nina daftari la mambo yangu. Humo pia niliandika: CD ililetwa mbovu. Nilimdanganya nani, wakati msomaji ni mimi peke yangu?

Mwaka wa pili nilishindwa kuvumilia, nikaenda Nyakiyumbu kukiri. Mbambu alinisikiliza huku akimenya mihogo.

"Dada yangu, mama yake Masika, tulimzika kabla ya Pasaka," alisema. "Hapana, nasema uongo. Walimzika. Mimi sikwenda. Ningesimama wapi, na alikufa akiamini ni mimi niliyeiharibu?"

Nikangoja anifukuze. Akaniuliza maneno mawili niliyoyasikia. Nikamwambia. Akaniomba niyarudie, polepole, kama Masika alivyoyaimba... Mimi nisiyejua kuimba.

Ndugu zangu, mashine ikianza kukwaruza, usiweke humo kitu cha mtu. Na ukiharibu, sema kabla mwenyewe hajatoka mlangoni. Mimi nilichelewa mwaka mmoja, na maneno yale mawili bado nayasikia.