Barua Iliyowasha Sauna

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, basi lilimshusha Senja Lampinen kwenye njia panda, naye akapita kwenye kisanduku cha barua kabla ya kuingia nyumbani. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu bibi yake, Helmi, alipoanza kuvimba miguu. Baba yake Senja aliendesha lori la magogo, akiondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Kwa hiyo siku nyingi walikuwa wawili tu ndani ya nyumba, Senja wa miaka kumi na miwili na bibi wa miaka sabini na minne.

Oktoba ilipoingia, kisanduku kilijaa hadi kikashindwa kufungika. Wazee wote wa mji wao wa Hancock hupata taabu hiyo, maana huo ndio msimu wa kampuni za bima ya afya kuwinda wateja wenye mvi, wa miaka sitini na tano na zaidi. Bahasha zao zina bendera, zina picha ya ndege tai, na zote zimeandikwa "Muhimu! Fungua haraka!" ilhali ndani mna matangazo matupu. Bibi Helmi alikuwa na sheria moja tu: "Fungua kwanza, soma nani kaandika, ndipo uamue." Tangazo lilikwenda kwenye kapu la sauna, kile kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba, kwa sababu kuni za Jumamosi hazikuwashwa kwa kitu kingine.

Siku moja Tilda, jirani wa Senja na mwenzake darasani, alikuja kumwita waende uwanja wa kuteleza kwenye barafu, ambao ulikuwa umefunguliwa wiki ile. Alimkuta Senja amekaa ngazini akichana bahasha moja moja.

"We Senja, unasoma mambo ya bima? Umetimiza lini miaka sitini na tano?"

"Niache bwana. Bibi kasema nifungue zote."

"Zote zina bendera! Ukimaliza hapo, na wewe utakuwa umestaafu."

Senja alicheka, akatupa rundo zima kapuni, akachukua begi la viatu vya kutelezea barafuni.

Jumamosi alipokuwa akiwasha jiko la sauna, aliona bahasha moja isiyo na bendera ikishika moto. Ilikuwa na muhuri wa serikali ya jimbo, jina kamili la bibi yake, na maneno "jaza na urudishe". Aliivuta kwa koleo, lakini kilichobaki ni kipembe cheusi. Alijiambia kwamba wataleta nyingine. Jioni ile, walipokaa kwenye mvuke, bibi alimsifu kwa moto mzuri, na sifa ile ikamchoma Senja kuliko mvuke wenyewe.

Kweli waliandika tena, mwishoni mwa mwezi. Safari hii Senja aliifungua palepale kwenye kisanduku. Aliposoma "msaada wako utakatwa tarehe 31 Oktoba", aligeuka kutazama kama bibi yuko dirishani. Hakuendelea kusoma. Aliikunja barua na kuificha ndani ya begi la viatu vya barafu. Kosa la kwanza lilikuwa la uvivu. Hili la pili lilikuwa la uongo, na Senja alilijua vizuri.

Desemba, pensheni ya bibi ya mwezi Novemba iliingia benki ikiwa pungufu kwa dola mia moja themanini na tano. Bibi Helmi hakulalamika. Alipunguza joto la nyumba, akaacha kununua kahawa aliyoizoea, kisha Jumatatu alasiri akampigia simu daktari wa moyo kule mjini Marquette na kufuta miadi yake. Senja alikuwa mlangoni na begi mgongoni.

"Bibi, mbona umefuta?"

"Daktari anaweza kungoja. Baridi haingoji."

"Lakini miguu yako..."

"Nimepika jikoni shuleni miaka ishirini na minane nikiwa nimesimama. Ulitaka iwe myembamba kama yako?" Bibi alicheka. Lakini alipopanda ngazi kwenda chumbani alisimama mara mbili kuvuta pumzi, na Senja akazihesabu mara zote mbili.

Kesho yake, wakati wa chakula shuleni, Senja alimweleza Tilda kila kitu. Sahani yake hakuigusa.

"Mwambie," Tilda alisema.

"Atanichukia."

"Na moyo wake ukizidiwa, je?"

Senja alisukuma sahani pembeni. Alipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alitoa ile bahasha begini akaiweka mezani, mbele ya bibi yake aliyekuwa akikata mkate wa iliki.

"Bibi, hii ilikuja Oktoba, nikaificha. Kabla yake ilikuja fomu, nikaichoma kwenye sauna bila kuifungua. Pesa zako zimekatwa kwa sababu yangu." Akaanza kulia.

Bibi Helmi aliweka kisu chini. Alikasirika, na hakuficha. "Wiki zote hizi unakaa mezani kwangu, unakula, unacheka, na hii iko begini mwako?"

"Niliogopa, Bibi. Nisamehe."

Bibi aliivuta bahasha karibu. Kisha akavaa miwani, akatazama muhuri. "Leo Jumanne. Bi. Trudeau yuko maktaba. Nyanyuka twende."

Bi. Trudeau alikuwa karani wa benki aliyestaafu. Kila Jumanne alikaa kwenye meza ya nyuma ya maktaba akiwasaidia wazee kuelewa bima, bila malipo. Aliisoma barua, akasikiliza jinsi miadi ya daktari ilivyofutwa, akamtazama Bibi Helmi.

"Kumbe daktari umemfuta kwa sababu ya hii?"

"Si wamenikatia bima? Nilidhani hivyo tangu pensheni ilipopungua."

"Helmi! Bima hawajakata. Nisikilize. Medicare, hii bima ya serikali ya wazee, ina sehemu mbili kubwa. Ya hospitali ulishailipia kwa makato ya mshahara, ulipokuwa ukipika. Ya madaktari ina mchango wa kila mwezi, ndiyo hiyo mia na themanini na tano iliyotoka kwenye pensheni yako. Juu ya hapo, kila mwaka gharama za kwanza unalipa mwenyewe mpaka kiwango fulani, kisha katika kila dola mia unalipa ishirini."

"Mbona miaka yote sikulipa?"

"Kwa sababu kipato chako ni kidogo, jimbo lilikulipia mchango, na zile gharama zako za daktari pia. Kilichokatwa ni msaada huo. Ila kila mwaka wanataka fomu, wajue kama hali yako bado ni ileile." Akamgeukia Senja. "Na wewe binti, uliisoma mpaka wapi?"

"Mstari wa pili."

"Soma wa sita. Kwa sauti."

Senja alisoma huku kidole kikifuata mstari. "Ukirudisha fomu ndani ya siku tisini tangu kukatwa, hutahitaji kuomba upya."

"Leo ni siku ya arobaini na sita," Bi. Trudeau alisema. "Dawa ulikuwa nayo begini muda wote."

Walijaza pale pale fomu nyingine iliyokuwa ndani ya bahasha. Senja aliandika, bibi akatia sahihi, Bi. Trudeau akatoa nakala ya karatasi za pensheni alizokuja nazo bibi. Kisha akamsukumia Bibi Helmi simu. "Sasa mpigie daktari. Nisikie kwa masikio yangu."

Daktari alimwona Jumatatu ya wiki iliyofuata. Alisema moyo ulikuwa umechoka na maji yalikuwa yakijaa mwilini, akabadilisha dawa. Alisema pia kwamba bibi angechelewa mwezi mmoja tu, angeletwa na gari la wagonjwa.

Barua ya majibu ilikuja Januari, katikati ya theluji. Senja aliifungua kwenye kisanduku na kuisoma mpaka neno la mwisho, ndipo akakimbia. "Wamekubali, Bibi! Kuanzia Novemba, na zilizokatwa zitarudishwa!"

Bibi Helmi aliichukua akaisoma naye, taratibu. Kisha akamketisha Senja karibu yake.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha barua, mimi nikaficha miguu yangu na kumfuta daktari bila kuuliza mtu. Sote tuliogopa kitu ambacho hatujakisoma. Kuanzia leo, karatasi usiyoielewa, uliza. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna la kufanya."

"Ndiyo, Bibi." Senja aliinamisha kichwa. "Umenisamehe?"

"Kusamehe nilikusamehe palepale maktaba. Kukuamini ndiko kunakochukua muda, mjukuu wangu." Bibi aliikunja barua akamrudishia mkononi. "Leo umeanza."