Abiria wa Kiti cha Nyuma

Kila alipolizima, gari lilinyanyuka kidogo upande wa nyuma, kama mtu mzito ameshuka, na mlango haujafunguliwa. Mshonaji hakujali. Gari la miaka kumi na tisa halikosi maradhi.

Alilipata kwa taabu. Ofisi ya mikopo ilikataa kulishika kuwa dhamana. "Mama, hili likifa njiani tutauza nini?" karani alimuuliza. Basi akaweka cherehani zake nne, na kaka yake, fundi bomba aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akatia saini ya udhamini. "Usiniaibishe, mdogo wangu," alisema tu. Miaka yote mshonaji alikuwa akipeleka sare za shule kwa miguu, furushi kichwani.

Wiki ya pili ikaja harufu ya nywele zilizolowa na kuvunda. Kisha sare alizozipanga nyuma akazikuta zimekaliwa, zina joto.

Siku moja ya mvua alikuwa na kaka yake kiti cha mbele, wamekwama kwenye foleni, ndipo kiti cha nyuma kikalia taratibu kama kinavyolia mtu akijisogeza, na pumzi ya baridi ikapita katikati ya mabega yao ikatua shingoni mwake, na alipoinua macho kwenye kioo hakuona mtu, ila aliona kitambaa cha kiti kimebonyea penye makalio na penye mgongo, na mkanda ukijivuta wenyewe, polepole, mpaka ukajifunga.

"Umesikia?" alinong'ona kaka yake.

"Usigeuke."

Mganga waliyemwita alikuwa mama mtu mzima, asiye na maneno mengi. Alifukiza, akasoma, akajifungia garini saa nzima. Alitoka amelowa jasho.

"Ni jini, na gari lilikuwa lake kabla halijawa lako," alisema. "Nimemwambia atoke, akaniuliza aende wapi. Lichomeni."

"Nichome gari ambalo bado nalilipia?"

"Basi mtakaa naye. Sasa hivi anapanda tu. Akishakuzoea, atashuka nawe."

Siku tatu baadaye, asubuhi, mshonaji alifungua chumba cha kazi, akaketi kwenye cherehani ya kwanza, akaruka kama aliyeungua. Kiti kilikuwa na joto. Chumba kizima kilinuka nywele.

Hakungoja zaidi. Alimpata mnunuzi wiki hiyohiyo, mwalimu kijana aliyekuja na mama yake mzazi, bibi mwenye mtoto wa jicho, ameshikwa mkono. Mwalimu naye alikuwa amekopa. Alisema alitaka kumwondolea mama adha ya kwenda hospitali kwa kuungaunga mabasi.

"Lina tatizo lolote, mama?" aliuliza.

Fundi bomba alimtazama dada yake. Kisha akainamia mfuko wake wa spana. Saini ya udhamini ilikuwa yake.

"Halina," alisema mshonaji, akamkabidhi funguo.

Mwalimu alimpandisha mama yake nyuma, akamfunga mkanda, akazunguka kwenda kushika usukani. Bibi alipapasa kiti kando yake, mkono ukasita hewani. Akajivuta mpaka mlangoni, akatabasamu.

"Samahani, mwanangu, macho yangu hayaoni," alisema kwa upole, akigeukia pale pasipo na mtu. "Kaa vizuri, tutaenea."

Gari likaondoka, limelalia upande mmoja. Kaka mtu alichukua mfuko wake wa spana akaenda zake bila kuaga.