Kabati la Santuri Lisilokwanguliwa

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, fundi aliponusa nywele zinazoungua katika karakana isiyo na moto.

Juu ya meza palikuwa na kabati la santuri ya kale. Mashine yake ilikuwa rafuni; kabati lilikuwa tupu. Bibi mwenye mali alikuwa amewaambia fundi na shemeji yake, "Wanangu, msilikwangue. Marehemu mume wangu aliandika aya kwenye mbao, akazifunika kwa vanishi. Alichokifungia humo, kibaki humo."

Fundi hakuona taabu. Vanishi ya kale yeye huilainisha kwa kitambaa chenye spiriti, akaitandaza upya, basi.

Lakini shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeitwa Msasa kwa kukosa subira, alikuwa ameshakwangua kifuniko hadi mbao ikawa nyeupe.

"We Msasa! Bibi alisema nini?"

"Shemeji, kupapasa siku nzima kama unaogesha kichanga? Na huyo jini, kama yumo, atupigie wimbo mmoja."

Ndani ya kabati tupu, kitu kikakohoa.

Kicheko kikamkauka Msasa mdomoni. Kifuniko kikafunguka, kikamdaka mkono hadi kwenye kiwiko, mfupa ukalia kama ubao mkavu, naye akapiga ukelele, "Shemeji, nivute, kinanila!" na fundi akamkumbatia kiunoni, akivuta huku anasoma Ayatul Kursi, na kila alipovuta, cha ndani kikavuta zaidi, damu ikafika miguuni, mpaka kichwa cha Msasa kikabamizwa ukingoni, tena na tena, mkono ukang'oka begani, na uzito wote ukamlegea fundi mikononi.

Akamlaza chini. Kifuniko kilikuwa kinainuka tena. Akakilalia kwa kifua, akaziandika aya upya kwa penseli ya useremala, akapaka vanishi, tabaka juu ya tabaka, hadi pakawa kimya.

Baada ya maziko, mke wa fundi alikuja karakanani. Kabati likagongwa kwa ndani, taratibu.

"Shemeji," ikaita sauti ya Msasa. "Nifungulie."

"Ni mdogo wangu huyo! Fungua, baba watoto!"

"Mdogo wako tumemzika, mke wangu."

Akamshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

"Ewe Mola, mrehemu ndugu yetu, mpanulie kaburi lake, na roho yake isikae popote ila kwako. Amina."